Konokono wako wakifa, sema: adabu kati ya wafugaji



Tangu baadhi ya vikundi vyetu vianze kufuga konokono, ninapokea maswali mengi juu ya sanduku, udongo na majani. Karibu hakuna anayeniuliza namna wafugaji wanavyosemezana wao kwa wao, katika mkutano ao kwa telefoni. Lakini nikisikiliza vizuri, naona konokono wengi wanakufa kwa sababu ya neno ambalo halikusemwa, ao lililosemwa vibaya.

Mbuzi wako akiugua, unaweza kumuita daktari wa mifugo. Kuku akianza kusinzia, kila bibi katika avenyu yenu ana la kusema. Konokono akiacha kula, utamuita nani? Huna mwingine ila mwenzako ambaye naye anafuga, na labda alianza miezi mitatu tu mbele yako. Ndiyo maana adabu kati yetu si pambo. Ni njia ambayo elimu inapitia kutoka nyumba moja mpaka nyingine. Njia hiyo ikiziba, kila mmoja anabaki na sanduku lake na hasara yake.

Kuuliza vizuri

"Konokono wangu wanakufa, nifanye nini?" Hilo ni swali la mtu mwenye uchungu, hatulikatai. Ila hakuna anayeweza kulijibu hivyo.

Anayeuliza aseme: walikuwa wangapi, wamekufa wangapi, na tangu siku gani. Wanakaa ndani ya nini. Udongo ulitoka wapi, na sasa ni mkavu, una unyevu ao umejaa maji. Wanakula nini. Wanapewa maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, ao hawapewi? Maana bila chokaa ya namna hiyo gamba linakuwa jepesi na kupasuka. Mwisho aseme kitu gani kilibadilika juma hili.

Aseme pia ni konokono wa aina gani. Yule ambaye wataalamu wanamuita Achatina fulica anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja. Yule mkubwa wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, Archachatina marginata, anataga machache tu, lakini makubwa. Basi mama aliyepata mayai 6 asijione ameshindwa kwa kuwa mwenzake amehesabu 150. Labda wote wawili wamefanya kazi nzuri.

Na ukisaidiwa, rudi useme matokeo. Shauri lilifaa? Halikufaa? Anayechukua jibu na kunyamaza amekula kwenye sahani ya wote bila kuosha hata kijiko.

Kujibu kwa haki

Kabla ya kujibu, jiulize: jambo hili nimeliona kwangu, nimelisikia kwa wengine, ao ninalifikiri tu? Yote matatu yanaweza kusemwa, lakini usiyachanganye. "Kwangu ilikuwa hivi" ni jibu zuri kuliko "inaomba ufanye hivi".

Chukua mfano wa kiangazi. Udongo unakauka, konokono anajivuta ndani na kufunga mlango wake kwa utando mweupe mkavu. Mama mpya anaogopa, anauliza, na mwenzake anajibu haraka: "Huyo amekufa, tupa." Kumbe amelala tu, anangojea unyevu. Jibu la haki lingekuwa: nyunyizia maji kidogo, ngoja usiku upite, kisha unuse. Konokono aliyekufa ananuka vibaya sana, hawezi kujificha. Aliyelala hanuki.

Mfano mwingine ni wa wauzaji. Ukisikia mtu anauza "dume na jike" kwa bei ya juu, mjulishe mwenzako kwa upole: konokono hawa kila mmoja ana sehemu za kiume na za kike ndani ya mwili wake. Chukua wawili wenye afya, waliokomaa, yatosha. Kumwachia mwenzako alipe franka za bure nawe unajua, hiyo si adabu.

Kicheko kinachoua

Sasa nafika penye uzito. Nafundisha watoto, na jambo moja darasa lolote litakuonyesha: mwanafunzi akichekwa kwa jibu baya, siku inayofuata hanyanyui mkono. Si yeye tu. Na wale watano waliokaa karibu naye hawanyanyui. Watu wazima hatuko tofauti.

Katika kikundi kimoja ninachokijua, mama mmoja alieleza kwamba aliwapa konokono mabaki ya bugali na mchuzi wenye chumvi, wakafa wote. Chumvi inamkausha konokono, sisi wote tulishajua. Lakini yeye hakujua. Wenzake walicheka mkutano mzima, na jina la utani likamfuata mpaka sokoni. Hakurudi tena.

Miezi iliyofuata, mama wa pili alichota udongo kandokando ya shamba la nyanya ambalo lilikuwa limepulizwa dawa ya wadudu. Konokono wake wakaanza kufa. Alikumbuka kile kicheko, akafunga mdomo. Alipoulizwa habari alijibu, "Wako vizuri." Wamama wengine wawili walienda kuchota udongo palepale. Mmoja wao alikuwa ameanza kufuga kwa pesa za likelemba, pesa alizozingojea zamu yake ili aongeze kitu kwenye karo ya mtoto. Sanduku lake lilimalizika kwa siku chache.

Nani aliua konokono wa yule mama? Dawa ya nyanya, ndiyo. Lakini neno moja tu, "Wangu wamekufa, udongo nilitoa pale," lingeziokoa zile pesa. Na neno hilo lilizuiwa na kicheko cha zamani. Wazee wanasema: mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Katika kikundi, anaumbuliwa pamoja na majirani zake.

Kwa hiyo, wamama, habari ya kifo iwe na heshima kubwa kuliko picha ya konokono mnene. Anayesema "wangu wamekufa" ametuletea zawadi. Neno la kwanza la kumjibu ni "pole". La pili ni "asante kwa kutuambia". Maswali yafuate nyuma. Na kama kuna kosa la kurekebisha, mwite pembeni, ao mwandikie yeye peke yake.

Kupeana na kutupa

Konokono wakizaa sana tunapenda kugawa. Ni vizuri, lakini toa kwa ukweli: sema aina, umri, wanakula nini, na kama kuna waliokufa karibuni katika sanduku lako. Anayepokea awaweke wageni hao peke yao kwa majuma kadhaa kabla ya kuwachanganya na wake. Hilo si dharau kwa aliyetoa. Na mtoto wa mwenzako usimpe konokono bila mama yake kukubali.

Wanaobaki je? Hapa nitawapeleka mbali kidogo. Mwaka 1966, mtoto mmoja wa Miami, katika jimbo la Florida huko Marekani, alirudi kutoka Hawaii na konokono 3 wa Afrika. Baadaye nyanya yake aliwaachilia bustanini. Baada ya miaka 7 walikuwa zaidi ya 18,000. Serikali ya jimbo ilitumia miaka kama 10 na dola karibu milioni 1 kuwamaliza. Leo ni kosa kuwafuga nchini mule bila ruhusa. Huko Uingereza wapo watu wanaowafuga nyumbani kwa kupenda kuwatazama tu, na sheria inakataza kuwaachilia nje.

Yule mtoto hakuwa mwovu, wala nyanya yake. Walikosa mtu wa kuwaambia. Basi tuambiane: mayai yasiyotakiwa yaponde ao yachemshe, kisha uyafukie. Usiyatupe mtaroni wala kandokando ya parsele. Lengalenga na maharagi ya jirani si chakula cha konokono wako, na ugomvi wa shamba hauishi upesi.

Wa chungu na wa kupendwa

Katika vikundi vyetu wako wanaofuga ili wapike, wako wanaouza, na wako watoto ambao wamempa konokono jina na kila jioni wanamletea kipande cha papai. Wako pia wamama ambao dini yao ao mwiko wa ukoo hauwaruhusu kumla. Wote wana nafasi. Anayekula asimcheke asiyekula. Asiyekula asiseme "uchafu" mbele ya sahani ya mwenzake. Na picha ya chungu kinachochemka usiitume palepale ambapo mtoto ametoka kuonyesha rafiki yake mwenye gamba. Ni jambo dogo, lakini mtoto atalikumbuka.

Juu ya picha za watoto, mambo mawili. La kwanza, mtoto wa mtu mwingine hapigwi picha na kusambazwa bila mzazi kukubali. La pili, ukiona picha ya mtoto amemweka konokono karibu na mdomo, usipite kimya. Konokono anaweza kubeba vijidudu, hata minyoo inayotoka kwa panya na ambayo inaweza kufika kwenye ubongo wa mtu. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na nyama yake iive kabisa. Mwambie mwenzako hivyo kwa upole, kama ungependa uambiwe wewe.

Kazi ya juma hili

Mukikutana, kila mfugaji alete kadaftari. Achore sehemu tatu: walio hai, waliokufa, na kilichobadilika. Kisha musianze kwa kuuliza nani ana wengi. Mufungue kwa sehemu ya pili, na mama mkubwa ao prezidanti wa kikundi asome ya kwake wa kwanza, bila kuficha. Akisoma yeye, mama aliyeanza juzi ataweza kufungua kadaftari kake bila woga.

Tuonane juma lijalo.
Mwalimu wenu