Breki mbovu ya bodaboda si kosa la dereva peke yake



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni breki ya nyuma iliyolegea katika pikipiki kuukuu zinazobeba abiria. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Mombo, mkoani Tanga, na nyingi ninazozishika ni zile zinazopanda na kuteremka barabara ya Lushoto.

Tangu zilipotolewa kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, bodaboda imekuwa kazi inayotambuliwa na tegemeo la wananchi mijini na vijijini. Ajali zinapotokea, tunazungumza juu ya kofia ngumu, leseni, mwendo kasi na kupakia mishikaki. Hayo ni ya kweli na yaendelee kusemwa. Lakini ni mara chache kusikia mtu akiuliza kama pikipiki yenyewe ilikuwa na breki, na ni nani aliyepaswa kuitengeneza.

Katika pikipiki hizi breki ya nyuma ni ya ngoma. Dereva akikanyaga pedali, fimbo ya chuma huvuta mkono wa breki. Mkono huzungusha kamu iliyo ndani. Nayo kamu hutanua breki shuu mbili hadi zikasugua ngoma. Breki shuu huisha kidogo kidogo kila siku. Kadiri zinavyoisha, pedali huzama zaidi kabla ya breki kushika. Ndiyo sababu mwisho wa fimbo ile kuna nati ya kurekebishia. Pikipiki nyingi za namna hii hutakiwa pedali iwe na nafasi ya milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kuanza kushika. Ikizidi hapo, pikipiki husimamishwa kwa stendi kubwa, nati ikakazwa nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, huku gurudumu likizungushwa kwa mkono kuhakikisha halisuguliwi. Baada ya hapo huangaliwa kama taa ya breki inawaka wakati unaofaa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na kila dereva anaweza kufundishwa.

Tatizo huanza pale nati inapogeuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa. Nati haiongezi unene wa breki shuu. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka mshale kwenye mhimili wa kamu na alama kwenye sahani ya breki. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho na mshale ukafika kwenye alama, breki shuu zimekwisha na ni za kubadilishwa. Mshale huo haugharimu chochote kuutazama, lakini katika vijiwe vyetu ni wachache wanaoujua.

Badala yake, nyuzi za fimbo zikiisha, mkono wa breki huchomolewa kwenye meno yake na kurudishwa nyuma jino moja ili nati ipate pa kukazwa tena. Wengine hufungua gurudumu na kupachika kipande cha bati kati ya kamu na breki shuu. Dereva huondoka amefurahi kwa kuwa pedali imekuwa ngumu. Lakini bati hilo linaudanganya mshale, na linaweza kuchomoka ndani ya ngoma. Kamu iliyozungushwa kupita kiasi nayo inaweza kupinduka na kukwama, gurudumu likajifunga pikipiki ikiwa katika mwendo. Chuma cha breki shuu kikianza kugusa ngoma, kitaikwangua, na kitu cha bei ndogo kitakuwa kimeharibu kitu cha bei kubwa.

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka hadi huku Mombo ni mwendo wa kilomita zipatazo 30 zenye kona nyingi. Kuna madereva wanaoweka gia huru ili kuokoa petroli, wakiacha kusaidiwa na injini. Mzigo wote wa kuizuia pikipiki, abiria na gunia la viazi huangukia breki. Ngoma hupata moto, na breki iliyopata moto hupoteza nguvu. Kama breki shuu zilikuwa nyembamba tangu asubuhi, hapo hakuna nati itakayosaidia.

Sasa tujiulize kwa nini dereva anakubali bati. Wengi wao si wenye pikipiki. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na wapo wa mkataba, ambao hulipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe mali yao. Wa hesabu akiomba breki shuu huambiwa avumilie hadi wiki ijayo. Wa mkataba huambiwa pikipiki ni yake, ajitengenezee; lakini akikosa kulipa, pikipiki hiyo hiyo huwa ya tajiri tena na hunyang'anywa. Siku ya kusimama gereji haipunguzwi katika hesabu. Basi kijana huyo huja kwetu na kusema, "Fundi, nikazie tu." Tukimlaumu yeye peke yake tutakuwa tumemwacha anayekula faida bila kuguswa.

Sisi mafundi nasi tunahusika. Fundi anayepachika bati anajua anachokifanya. Mteja akikataa kununua breki shuu, ni heri kumrudishia pikipiki yake na kumweleza hatari iliyopo.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, makubaliano kati ya tajiri na dereva yaandikwe, na yaseme wazi kwamba breki, matairi na taa hulipiwa kabla ya hesabu. Pili, viongozi wa vijiwe watenge asubuhi moja kila wiki ya kukagua pedali, mshale, na ile boliti inayoshika mkono wa sahani ya breki pamoja na pini yake, kwani ikichomoka sahani nzima huzunguka na gurudumu hukwama. Tatu, askari wa usalama barabarani na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) wanapokuta breki mbovu wamtafute na mwenye chombo, wasiishie kwa aliyekikalia. Nne, Shirika la Viwango lizidi kufuatilia breki shuu zinazouzwa madukani, maana nyingine gundi yake huachia mapema.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Abiria anapopanda pikipiki haoni kilichomo ndani ya ngoma. Tajiri, dereva na fundi ndio wanaojua, na hao watatu ndio wanaopaswa kujibu.

Fundi Pikipiki,
Mombo, Tanga.