Status yako unaijua. Na ya moyo je?

Wasee, leo sina utani.

Anko wangu, kakake mamangu, alianguka stage Kayole akingoja mat, asubuhi na mapema. Miaka 41. Sigara hakuvuta, na kila Jumapili alikuwa uwanjani akipiga mpira na sisi vijana. Mtaa ukasema amerogwa. Daktari akasema mshipa wa moyo uliziba, na mafuta yale yalianza kujikusanya humo tangu akiwa kijana.

Tangu akiwa kijana. Manze, hayo maneno yalininyima usingizi.

Nikaenda kliniki moja ya mtaa kuomba kipimo cha kolesteroli. Dada wa mapokezi akacheka: "Na vile umekonda? Hiyo ni ya wazee." Nikakaza. Majibu yakaja: LDL, yale mafuta mabaya, milimoli 4.4 kwa lita. Daktari alitaka iwe chini ya 3. Mimi, miaka 22, mwembamba kama njiti ya kibiriti!

Kumbe wembamba si cheti. Kolesteroli ya juu unaweza kuirithi vile umerithi pua. Kuna nyingine inaitwa Lp(a), ambayo karibu yote ni ya ukoo. Hata uache mutura na chipo, haishuki sana. Wataalamu wa moyo Ulaya wanashauri kila mtu mzima aipime angalau mara moja maishani. Marekani nao, tangu 2011, wataalamu wanashauri kolesteroli ipimwe kati ya miaka 9 na 11, halafu tena kati ya 17 na 21. Sisi tunangoja mtu aanguke stage.

Najua utasema ganji hakuna. Ni ukweli. Lakini status ya HIV tunaijua kwa sababu kipimo ni bure na siku hizi ni kitu ya kawaida. Moyo umekosea wapi? Wakija Eastlands kuomba kura, tuwaulize: zahanati yetu itapima kolesteroli na sukari bure lini?

Kabla wajibu, uliza nyumbani nani alikufa "ghafla". Kama baba au kaka yako alishikwa na moyo kabla ya 55, ama mama au dada kabla ya 65, usingoje mtu. Pima damu, pima na presha.

Mimi narudi maabara baada ya miezi mitatu. Mamangu alikuwa anakataa kabisa. Jana usiku ameuliza tunaondoka saa ngapi.