Tusiwangoje Wakataliwe

Divock Origi alizaliwa Ostend, Ubelgiji. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Mwaka wa 2014 kijana huyo aliifungia Ubelgiji bao dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia, na Wakenya tukashangilia kana kwamba limefungwa Kasarani. Hadi leo nawasikia watu wazima, wenye akili zao, wakilitaja bao lile kama letu. Halikuwa letu hata kidogo. Origi aliichezea nchi iliyomlea kimpira, na sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwa hii tabia yetu ya kufurahia mavuno ya shamba ambalo hatukulima, hatukupalilia wala hatukujua liko wapi.

Nimeanza na kandanda kwa sababu huko kidonda kiko wazi. Ugomvi wangu hasa ni wa raga.

Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15 kila upande. Ile ya wachezaji saba tunaijua: mwaka wa 2016 tuliipiga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore na dunia ikatusikia. Hii ya 15 imetukalia vibaya. Novemba 2018 Simbas walikwenda Marseille kuwania tiketi ya mwisho, wakapoteza kwa Canada, kwa Ujerumani na kwa Hong Kong. Kombe la 2027 nchini Australia limepanuliwa hadi timu 24, na bado hatumo.

Kila mechi za kufuzu zinapokaribia, sisi mashabiki huanza ule mchezo wetu wa kuchimbua majina. Nani ana mama Mkenya? Nani alizaliwa Nairobi akahamia Sydney? Yule wa daraja la pili Ufaransa, si babu yake ni wa Nyeri? Jina likipatikana tunadai aitwe mara moja. Mara nyingi ni mtu wa miaka 27 au 28, ambaye nchi aliyokulia imeshaamua kwamba haimhitaji. Aje wiki tatu, ajifunze majina ya wenzake ndani ya basi, ajifunze ishara za mpira unaporushwa kutoka pembeni, kisha atupeleke Kombe la Dunia. Asipotupeleka tunamwita mtalii.

Mimi nasema tuwatafute wakiwa na miaka 15, 16, 17, wakati bado hakuna aliyewakataa.

Ninasomea shahada ya uzamili kaskazini mwa Uingereza, na Jumapili asubuhi najitolea kwenye klabu moja ya vijana. Kazi yangu ni kubeba chupa za maji na kushikilia mito ya kukabia, kazi inayonifaa kwa uzani wangu. Kuna kijana pale wa miaka 16, mchezaji wa mstari wa mbele wa skramu, mwenye shingo kama kigogo cha mvule. Mama yake ni wa Mumias. Baba yake ni Mwingereza, lakini mama wa baba alizaliwa Dundee. Basi mwaka jana akapata barua kutoka Scotland: tumesikia una nyanya Mskoti, karibu kwenye kambi ya wikendi. Nyanya huyo alifariki kijana akiwa mdogo, hamkumbuki vizuri. Yule wa Mumias humpigia simu kila Jumapili jioni, humuuliza kama amekula, humwita kwa jina la marehemu babu yake. Upande huo wa ukoo hakuna aliyewahi kuuliza habari zake.

Waskoti hawakubahatisha. Scotland, Ireland na Wales zina mipango ya miaka mingi ya kuwasaka watoto wao waliozaliwa Uingereza, na neno wanalotumia kuwaita lina maana ya watu walio uhamishoni. Wahamiaji wao walianza kwa kujijengea klabu jijini London: London Scottish mwaka wa 1878, London Welsh mwaka wa 1885, London Irish mwaka wa 1898. Leo kazi ni ile ile kwa vifaa vya kisasa. Kuna orodha, kuna makocha wanaozunguka shuleni, kuna mechi za walio chini ya miaka 18. Mtoto anaanza kujiona Mskoti kwa sababu kuna Mskoti aliyefika uwanjani kumtazama akicheza kwenye matope.

Sheria za mchezo haziko kinyume chetu. World Rugby inamruhusu mchezaji kuiwakilisha nchi ambayo mzazi wake, au hata babu au nyanya yake, alizaliwa. Tangu 2018, kuchezea timu ya chini ya miaka 20 hakumfungi mtu kwa taifa hilo maisha yake yote. Na Katiba yetu ya 2010 inasema mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Kisumu au Leicester, na inaruhusu uraia pacha. Kwenye makaratasi, kijana wangu wa skramu ni Mkenya kama mimi.

Najua jibu linalokuja, maana nimelisikia kwa marafiki ninaowaheshimu: na yule wa Kakamega High je? Anayecheza kwenye uwanja usio na nyasi, anayeazima viatu? Pesa kidogo tuliyo nayo iende kwa mtoto wa Leicester mwenye daktari wa viungo?

Hoja hiyo ni nzito. Tazama Morocco mwaka wa 2022. Kati ya wachezaji wao 26 kwenye Kombe la Dunia la kandanda, 14 walizaliwa nje ya nchi. Penalti iliyoing'oa Uhispania ilipigwa na Achraf Hakimi, mzaliwa wa Madrid. Bao lililoing'oa Ureno lilifungwa na Youssef En-Nesyri, mzaliwa wa Fès, aliyelelewa katika chuo cha soka walichokijenga wenyewe nyumbani. Wa nje hakula sahani ya wa ndani.

Kwenye raga, Kombe la 2023 lilitupa somo lingine. Tonga ilikuwa na Charles Piutau na Malakai Fekitoa, waliowahi kuichezea New Zealand, waliorudi baada ya sheria kulegezwa. Haikutoka kwenye kundi. Fiji, iliyokuwa imewakusanya vijana wengi katika klabu moja, Fijian Drua, tangu 2022, iliipiga Australia 22-15 na kufika robo fainali. Walikuwa wamezoeana. Kuzoeana huko ndiko ninakotaka kwa vijana wetu wa nje: waje Agosti, walale bweni moja na wenzao wa Chipu, washindanie jezi pale Ngong Road na yule wa Kakamega. Akiwa dhaifu kuliko wa Kakamega, akae benchi kama mwingine yeyote.

Kuhusu ule mtihani wa wimbo wa taifa, kwamba hawaujui: ubeti wa pili umeshawashinda wengi wetu jukwaani, tunanung'unika hadi ubeti uishe.

Gharama? Mtoto huyu ameshalipiwa kocha, viatu na chakula na watu wengine. Sisi tunadaiwa orodha, wikendi mbili kwa mwaka, na mtu wa kumpigia mama yake simu. Wakenya wa ughaibuni huchanga pesa za kusafirisha maiti hadi nyumbani ndani ya wiki moja, kwenye kundi la WhatsApp, kati ya watu ambao nusu yao hawajawahi kuonana. Watu hao hatashindwa hata mmoja wao kumlaza kijana wa mwenzake sebuleni usiku wa Ijumaa.

Kombe la 2031 litachezwa Marekani. Aliye na miaka 16 leo atakuwa ameingia ishirini na kitu, umri hasa wa kuvaa jezi. Hapa mjini uwanja hukodiwa kwa saa, na nimeshauliza bei. Ni chini ya tulichochanga kwa msiba wa mwisho. Sijapata mtu kutoka Nairobi wa kuja na filimbi na daftari.