Kasongo, siku moja haitoshi

Ndugu zetu wengi wa Namoya na Salamabila wakipata konje wanapita Kasongo kama watu wanaofukuzwa: magaribi wanashuka pikipiki, asubuhi soko, saa sita wako njiani tena. Mimi nasema mukae siku tatu. Ya kwanza ni ya mgongo na ya jamaa. Barabara ya Kabambare munaijua, hasa wakati wa mvua. Ya pili, mupeleke watoto Tongoni, Kasongo ya zamani ya Tippu Tip, ile askari wa Dhanis waliteka tarehe 22 Aprili 1893. Wajue Kiswahili chetu kilifika na nani, na watumwa waliuzwa na nani. Ya tatu mutoke mapema kwenda Nyangwe, kwenye Lualaba, pale Livingstone aliona watu wanauawa sokoni mwaka wa 1871.

Lakini siku tatu zitatoka wapi? Kodi ya kazi inatoa angalau siku moja kwa mwezi mzima wa kazi, ni kusema 12 kwa mwaka. Bwana kazi akihesabia humo na siku za matope, konje inaishia njiani. Madelege, kwenye mazungumzo yanayokuja tuombe siku za njia ziandikwe mbali.