Mnyonge na Haki Yake

Siku moja niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya sanamu ya mbwa iliyoko katika kisiwa cha Guam, na darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hata mbwa huwekewa sanamu?" Sikumlaumu, kwa maana kwetu neno mbwa ni tusi, na aitwaye hivyo huwa tayari kupigana. Lakini wako watu wazima, tena wenye elimu yao, wachekao vivyo hivyo na kudai kwamba kumheshimu mnyama namna hii ni kumdhalilisha binadamu. Hao ndio nipendao kuwajibu.

Kwanza tuzijue habari zenyewe. Mwezi wa Julai, 1944, majeshi ya Marekani yalishuka Guam ili kukitwaa kisiwa hicho kutoka kwa Wajapani. Pamoja na askari walikwenda mbwa, wengi wao wa aina ya Doberman. Kazi yao ilikuwa kutangulia msituni, kumnusa adui aliyejificha, na kukesha usiku huku watu wamelala. Mbwa 25 walikufa. Mmoja wao, Kurt, asifiwa kwa kuwaonya askari wapatao 250 kwamba adui yu mbele yao. Mwaka 1994, miaka 50 baadaye, sanamu ya shaba ilizinduliwa huko, na majina ya mbwa wote 25 yameandikwa hapo.

Wapinzani husema kwamba mbwa hajui sanamu ni kitu gani. Ni kweli, hajui. Je, askari aliyelala kaburini aijua sanamu yake? Sanamu hujengewa walio hai, ili wasisahau deni lao.

Husema tena kwamba mbwa hakwenda vitani kwa hiari yake, basi hana ushujaa wa kusifiwa. Mimi naona kinyume chake. Aendaye kwa hiari amejitoa mwenyewe. Apelekwaye bila kuulizwa ametolewa na wengine, na deni ni la hao waliomtoa. Katika vita vya Vietnam, Marekani ilitumia mbwa wapatao 4,000, nao wakahesabiwa kama vifaa tu. Vita vilipokwisha, wengi waliachwa huko au waliuawa. Ilikuwa mwaka 2000 ndipo ilipotungwa sheria ya kuwaruhusu mbwa wa jeshi waliozeeka wapewe watu wa kuwatunza. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hapa aliyepiga teke ni binadamu.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito: mbona wako watu wengi waliokufa vitani wasiokumbukwa? Hapo sina ubishi. Pale Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, zimesimama tangu mwaka 1928 sanamu za askari na mchukuzi wa mizigo. Wachukuzi hao walitumikia vita vya 1914 hadi 1918, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Sanamu ipo, lakini majina yao hayapo, na wengi hata makaburi yao hayajulikani. Mtaa wa Kariokor umebaki na jina la kikosi chao. Wao wenyewe hawana jina.

Basi, Kurt ana jina lake juu ya jiwe, na babu zetu hawana. Hii ni aibu, nami naikiri. Lakini ni aibu ya nani? Si ya mbwa. Walioandika majina 25 walitenda haki. Waliosahau watu ndio waliokosa. Tukiyafuta majina yale ya Guam, hatutapata hata jina moja la mchukuzi wetu.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, usiicheke sanamu ya mbwa. Ukirudi nyumbani, waulize wazee kama yuko mtu wa ukoo wenu aliyekwenda vita vile asirudi. Ukipata jina, liandike, ulihifadhi. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mbwa amekwisha kupewa yake. Ya mchukuzi ingali mikononi mwetu.