Saa ya Msikiti na Rezista ya Kila Taa

Kijana wa Geita au Kahama aliyewahi kufungua tochi ya kichwani ya bei nafuu, kama zile za wachimbaji wadogo, huenda alikuta taa ya LED imeungwa kwenye betri bila rezista. Huko udhaifu wa betri ndio uzuiao mkondo. Anapounda saa ya tarakimu ya kuonesha nyakati za swala, hudhani mambo ni yale yale.

Sivyo. Pini ya Arduino Uno ukomo wake ni miliampea 40, na kiasi cha salama ni 20. Hutoa volti 5. Taa nyekundu huchukua takribani 2. Tatu zinazobaki, zikigawanywa kwa omu 220, huleta miliampea 14 hivi.

Wazazi wenzetu, mhimizeni kijana aweke rezista kwa kila kipande cha tarakimu. Akiweka moja tu kwenye waya wa pamoja, 1 itang'aa na 8 itafifia, na mwenye saumu aliyeketi safu ya nyuma hataisoma Magharibi. Vipande saba vikiwaka hufikia miliampea 95. Waya huo upitishwe kwenye transista, usiungwe moja kwa moja kwenye pini.