Gari ya Zamani na Mkono Uliozoea Kwengine

Vijana wetu warudipo kutoka Oman, Dubai na Saudia, wengi wao hurudi na akiba, na wengi huiweka akiba hiyo katika gari. Wala si wote watakao gari ndogo ya kuzungukia mjini. Wako wenye shamba Kwale, wenye ng'ombe pande za Garsen, au wenye jamaa Witu na Mokowe, na hao moyo wao huangukia Land Rover ya zamani au Toyota Land Cruiser ya mfano wa 40, zile zilizotengenezwa tangu 1960 hadi 1984. Hatuwalaumu. Njia ya kutoka Garsen kwenda Mokowe kwa miaka mingi ilikuwa ni mchanga wakati wa jua na tope wakati wa mvua, na waliovuka wakafika walivuka kwa gari za namna hiyo. Apendaye kukihifadhi chombo kilichowatumikia wazee wake amefanya jema.

Lakini kuna jambo moja ambalo twaona halisemwi, nalo lataka kusemwa wazi. Mwenye gari na mjuzi wa gari si lazima wawe mtu mmoja. Kijana aliyejifunza gari Maskati amejifunza akiwa ameketi kushoto, mkono wake wa kulia ukishika gea, na gari yake ikifuata upande wa kulia wa barabara. Hapa kwetu mambo yote hayo ni kinyume. Naye hukabidhiwa ufunguo siku ya Jumatatu, na Ijumaa yake amekwisha pakia mama, shangazi na watoto kumi kwenda harusini. Rai yetu ni hii: mtu huyo, hata akiwa ameendesha miaka kumi bila ya kukwaruza kitu, hana budi kujifunza upya kabla ya kubeba roho za watu. Na kujifunza upya si aibu.

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Usukani ni neno letu la baharini kabla ya kuwa la barabarani. Katika jahazi usukani huwa tezini, katikati, na anayeushika hana upande wa kulia wala wa kushoto. Ana omo mbele yake na upepo ubavuni. Jambo la ajabu ni kwamba Land Rover nayo ilianza hivyo. Mwaka 1947, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alipounda gari ya kwanza ya majaribio juu ya chesisi ya Jeep, usukani uliwekwa katikati. Yasemekana nia ilikuwa gari moja ifae nchi zote, za kushika kushoto na za kushika kulia. Haikufaa. Gari ilipotolewa hadharani katika maonyesho ya Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, usukani ulikuwa umekwisha hamishwa ubavuni, na tangu hapo zikaundwa namna mbili. Dunia ilikuwa imekwisha gawika, na gari ilibidi ifuate.

Sisi tuliangukia upande wa kushoto wa barabara kwa sababu tulitawaliwa na Waingereza. Nchi za Ghuba leo zote zashika kulia, ingawa Bahrain ilishika kushoto mpaka 1967 ndipo ikabadilisha, na Yemen ya Kusini ikafuata 1977. Hapana upande ulio bora kuliko mwengine. Kilicho muhimu ni kuwa kila aliyeko barabarani awe amekubaliana na mwenziwe.

Sasa tuje kwenye mwili wa dereva, kwani mambo yote yako hapo. Kitu kimoja hakibadiliki: vikanyagio. Klachi iko kushoto, breki kati, mafuta kulia, uketi upande uutakao. Hiyo ni nafuu kubwa, maana mguu hauhitaji kufunzwa tena. Mtihani ni wa mikono na macho. Gea ya kwanza, katika gari hizi za gea nne, iko kushoto mbele kwa namna zote mbili. Aketiye kushoto huivuta upande wake. Aketiye kulia huisukuma iwe mbali naye. Basi mkono wa kushoto, ambao haukupata kufanya kazi hiyo, hutafuta ya kwanza ukaipata ya tatu, na gari ikazima katikati ya njia panda.

Katika Land Cruiser na gari nyengine za Kijapani zenye usukani wa kulia, kijiti cha indiketa nacho aghalabu huwa kulia. Aliyezoea gari za Ghuba, ambako kiko kushoto, hutaka kuonyesha kuwa anakata kona, na badala yake huwasha waipa juu ya kioo kikavu. Walio ndani hucheka. Aliye nyuma na lori lake hacheki, kwa sababu hakuonyeshwa kitu.

Kubwa zaidi ni macho. Kwenye mzunguko wa barabara huko Oman gari huzunguka zikiuelekea mkono wa kushoto, na unayempisha hutoka kushoto kwako. Kwetu gari huzunguka zikiuelekea mkono wa kulia, na wa kupishwa hutoka kulia. Dereva aliyefunzwa kule akifika kwenye mzunguko hutupa jicho kushoto, akaona peupe, akaingia. Anayekuja kutoka kulia hakumuona kabisa, si kwa uzembe, bali kwa sababu shingo yake haikufunzwa kugeuka huko kwanza. Vivyo hivyo kwa mtoto wa chuo avukaye njia na ubao wake mkononi. Yeye ametazama kama alivyofunzwa na mamake, na anayemjia ametazama kama alivyofunzwa Maskati.

Wapo watakaosema: basi na alete gari yenye usukani wa kushoto aliyoizoea. Hilo si dawa. Kwanza sheria za Kenya haziruhusu kusajili gari ya usukani wa kushoto isipokuwa zile za kazi maalumu, na gari iliyokwisha tumika haiingizwi nchini ikizidi umri wa miaka minane. Ndiyo maana Land Rover kuukuu uionayo ikiuzwa leo aghalabu ni mwenyeji wa zamani wa nchi hii. Pili, akili yenyewe yakataa. Dereva aliyeketi upande wa ukingo wa barabara, akiwa nyuma ya basi, haoni kinachokuja mpaka gari yake nusu imekwisha toka kati. Taa zake kubwa, hata akizishusha, zimeundwa kumulika zaidi ukingo wa kulia, ambako kwetu ndiko wajako wenziwe, akawapofusha. Majirani zetu wa Somalia na Burundi wanayajua haya kwa upande wa pili: wao hushika kulia, na gari zao nyingi zina usukani wa kulia, hivyo kila anayetaka kulipita lori humuuliza utingo aliyeketi kushoto kama njia ni nyeupe. Roho ya dereva imo katika macho ya mwenginewe.

Juu ya yote hayo, gari ya zamani ina madai yake. Land Rover za kabla ya 1971 haziingii gea ya kwanza wala ya pili kwa upole gari ikiwa inakwenda. Yabidi kukanyaga klachi mara mbili na kuipa injini mafuta kidogo kati yake, la sivyo meno hulia. Breki zake ni za dramu, na zikipita kwenye maji hazishiki mpaka zikauke. Usukani ni mzito, na huwa na mchezo kabla ya gurudumu kutii. Kijiti chenye kichwa cha manjano hubonyezwa ili magurudumu yote manne yavute, na chenye kichwa chekundu ni cha gea za nguvu kwa mahali pazito. Navyo vina mahali pake. Kwenye lami kavu usiviguse, kwani gari ikikata kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na yakiwa yamefungwa pamoja hushindana hata yakavunja vyuma vya ndani. Na anunuaye hapa Pwani asidanganyike na bodi. Bodi ni ya aluminiamu, kwa kuwa baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma kilikuwa adimu huko Uingereza, nayo haishiki kutu ya chuma. Chesisi chini yake ni chuma, na chumvi ya bahari huila kimya kimya. Aende na fundi, wainame, wagonge kwa nyundo ndogo.

Mtu aliyezoea gari mpya ya Dubai, yenye breki za kushika mara moja na usukani wa kugeuza kwa kidole, apewapo chombo kama hiki ana mambo mawili ya kujifunza kwa wakati mmoja: upande mpya na umri wa kale.

Tutazame waliowahi kulifanya jambo hili taifa zima. Sweden ilishika kushoto tangu zamani, ingawa gari zake nyingi zilikuwa na usukani wa kushoto. Bunge lake lilikata shauri mwaka 1963 kwamba wahamie kulia, na siku yenyewe ikawa tarehe 3 Septemba 1967. Miaka minne walijitayarisha. Watu walifunzwa, alama zilibadilishwa, na alfajiri ya siku hiyo gari zilisimamishwa, zikavuka upande wa pili, zikaamriwa kwenda polepole. Je, ajali zilizidi? La. Zilipungua, kwani kila mtu alikuwa na hadhari. Baada ya muda hofu ikawatoka, na ilipofika 1969 ajali zilikuwa zimerudi kama zilivyokuwa kabla.

Hapo pana funzo ambalo wengi hawalifikirii. Hatari haiko siku ya kwanza. Siku ya kwanza dereva hushika usukani kwa mikono miwili na kusoma bismillahi kwa sauti. Hatari iko wiki ya sita, anapodhani amekwisha zoea. Ametoka kituo cha mafuta baada ya alfajiri, barabara tupu, hapana gari nyengine ya kumkumbusha, mawazo yako kwa mgonjwa aliyemuacha nyumbani. Mkono hurudia ulichofunzwa utotoni mwake, na gari hushika kulia. Mazoea yana taabu, walisema wazee, na taabu yake kubwa ni kuwa hayaondoki, hulala tu.

Basi twashauri nini? Mwezi mmoja wa kwanza, dereva aende mchana tu, na pembeni yake aketi mtu mzima aliyezoea njia zetu, mwenye ruhusa ya kusema bila ya kuogopwa wala kuogopa. Asibebe abiria. Aanze kwenye uwanja mtupu, akibadilisha gea huku amesimama na injini imezimwa, mpaka mkono wa kushoto ujue njia yake gizani. Abandike karatasi mbele ya macho yake yenye maneno mawili: shika kushoto. Kila atokapo kituoni au uani, atamke kwa mdomo upande anaoshika. Na akichoka asiendeshe, kwani mchovu huongozwa na mazoea yake.

Kuna watakaotujibu kwamba wako waliorudi na kuendesha siku ile ile na hawakupata dhara. Kweli wako. Lakini aliyesalimika hakuthibitisha kuwa njia ni salama. Amethibitisha kuwa siku ile hapakuwa na mtoto mbele yake.

Desturi yetu wenyewe yatuunga mkono. Zamani mtu hakupewa lori kwa kuwa ana leseni. Alianza utingo, akaosha, akaweka kabari chini ya gurudumu, akatazama miguu ya dereva miaka kadhaa, ndipo siku moja akaambiwa: haya, keti. Baharini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwana-maji hakuwa nahodha kwa kununua jahazi. Na chuoni mwalimu hakukuruhusu kuvuka ukurasa kwa sababu umeusoma kwa mwalimu mwengine. Alikwambia: hebu nisomee nisikie. Hakuna aliyeona hilo kuwa ni dharau.

Kwa hivyo neno letu la mwisho halimwendei kijana peke yake. Lawaendea wazazi, wajomba na mashangazi wanaofurahi kuona gari mlangoni. Mwana akisema, twendeni, niliendesha Maskati miaka kumi, mjibuni kwa upole: alhamdulillahi, sasa tuonyeshe mwezi mmoja hapa. Abiria ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuuliza nani anaibeba. Akikasirika, na akasirike. Hasira hupoa, maiti hafufuki kwa kuombwa radhi.